Mwalimu Redio wa Mwasilanga na Kifaa Chake

Kwa miaka miwili na nusu Leokadia Nkuba alifundisha darasa la kwanza katika kijiji cha Mwasilanga, kwenye bonde la Usangu, bila kijiji kujua kwamba yeye ni mwalimu. Watoto sitini na wanne walijifunza kusoma na kuhesabu mbele yake. Lakini ungemwuliza mzazi yeyote mwalimu wao ni nani, angekupeleka hadi kwenye kibanda cha shule, angekuonyesha rafu ya mti iliyopigiliwa ukutani, na juu ya rafu hiyo ungeona redio ya betri iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma.

Wenyewe walikuwa na sababu, na sababu yao haikuwa ya kijinga.

Mwaka 1976 serikali ilikuwa inataka kila mtoto aende shule, na walimu walikuwa hawatoshi. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha huku wao wenyewe wakijifunza ualimu. Asubuhi walikuwa mbele ya watoto. Alasiri walikuwa wanafunzi wa vitabu vilivyokuja kwa posta na vipindi vilivyokuja kwa redio. Mwaka wa tatu wangekwenda chuoni Iringa kufanya mtihani. Aliyefaulu alipata cheti na kuitwa mwalimu. Aliyeshindwa alirudi nyumbani kwao. Leokadia, binti wa miaka kumi na minane, alichukuliwa Januari na kupewa darasa la tawi la Mwasilanga, ambako shule mama ilikuwa mbali kwa mwendo wa nusu siku. Alipewa ubao, maboksi mawili ya chaki na redio.

Kila Jumatatu na Alhamisi, saa tisa alasiri, alitandika mkeka mbele ya rafu, akafungua daftari na kuwasha redio. Sauti ya kiume ilisema, "Habari za mchana, walimu." Leokadia alijibu, "Nzuri, mwalimu." Kitabu cha mwongozo kilikuwa kimeagiza ajibu kwa sauti ili asisinzie. Sauti ikisema, "Andika," aliandika. Ikisema, "Rudia," alirudia. Mwishoni alisema, "Asante, mwalimu," akasimama kuizima kwa adabu, kwa mkono wa kulia.

Wazee wa Mwasilanga walikuwa wafugaji waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka pande za Shinyanga. Walisimama kwenye uzio na kutazama. Waliona mmoja anasema bila kuulizwa na mwingine anaandika bila kubisha. Kesho yake asubuhi walimwona yule mwandishi amesimama mbele ya watoto akisema yale yale aliyoambiwa jana.

"Anarudia tu," walisema. "Mwalimu mwenyewe yuko juu ya rafu."

Baba yake, mzee Nkuba, alikuwa wa kwanza kusema hivyo, na alisema kwa fahari. Si kila mtu bondeni alikuwa na binti anayefundishwa na mtu wa Dar es Salaam. Betri zilipoanza kuchoka ni yeye aliyezianika juani juu ya jiwe, akakaa kando yake na fimbo ili mbuzi wasizilambe. Asubuhi alipopita na ng'ombe alisimama mlangoni akaisalimu redio kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" akasubiri. Redio iliendelea na taarifa ya habari. Nkuba alitikisa kichwa, akaenda zake. Watu wa pwani, aliwaeleza wenzake, wana haraka.

Kwa hiyo ofisi ya elimu ilipoleta fomu ya kuorodhesha walimu na vifaa vya kila shule, mwenyekiti wa kijiji, mzee Ndalahwa, aliijaza kwa uaminifu aliojaza nao kila karatasi ya serikali. Leokadia alikuwa shule mama siku hiyo kuchukua vitabu. Ndalahwa aliita wazee wanne, wakakaa mbele ya rafu.

"Jina la mwalimu?"

"Redio."

"Jinsi?"

"Mume. Humsikii sauti?"

"Mahali alipozaliwa?"

Waliigeuza redio, wakasoma mgongoni. "Arusha."

"Dini?"

Hapo walibishana. Mmoja alisema ni Mwislamu, kwa kuwa Ijumaa amemsikia akisoma Kurani. Mwingine alisema Jumapili anaimba nyimbo za kanisani, tena kwa sauti nne. Ndalahwa aliandika: "Zote."

Chini ya WALIMU kulikuwa na nafasi moja, na ilikuwa imejaa. Chini ya VIFAA wakaandika ubao, mmoja, una ufa. Chaki, boksi moja na nusu. Kisha Ndalahwa akainua kalamu.

"Na huyu mtoto wa Nkuba tumweke wapi?"

Wakafikiri. Mwalimu si yeye, kwa kuwa anafundishwa. Mwanafunzi si yeye, kwa kuwa hayumo katika wale sitini na wanne. Lakini bila yeye mwalimu hafunguliwi, hafutwi vumbi, wala hafungwi. Yaani ni wa kumtumikia mwalimu, kama ubao. Chini ya VIFAA Ndalahwa aliandika kwa herufi nzuri: "Leokadia, mmoja, mzima." Akapiga muhuri.

Leokadia aliyajua haya Julai 1978, Mbeya, mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi ya elimu. Alikuwa amepanda lori la mpunga kutoka Igurusi, akalala Ilomba kwa watu wa kwao, akaamka mapema na kuvaa sketi ya bluu aliyoitunza kwa safari ya Iringa. Orodha ya walioitwa kwenye mtihani ilikuwa na kurasa tatu. Aliisoma mara mbili. Kwenye ukurasa wa pili, kati ya Ngailo wa Chimala na Sanga wa Ilembo, palikuwa pameandikwa: "REDIO (Ndg.), Mwasilanga."

Afisa aliyeshughulikia walimu wa mpango ule aliitwa Eliezeri, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimkaribisha kiti.

"Ndugu, jina langu halipo," Leokadia alisema.

"Wapi?"

"Mwasilanga."

Eliezeri alifungua jalada, akapitisha kidole. "Lipo. Leokadia, mmoja, mzima. Chini ya vifaa." Alimtazama kwa kuridhika, kama mtu aliyekuta stoo haijaibiwa. "Umekujaje huku? Nani amekuazima?"

"Sijaazimwa. Mimi ndiye mwalimu."

"Mwalimu wa Mwasilanga ni Ndugu Redio."

"Ndugu, redio ni redio! Hiyo mliyonipa ninyi wenyewe, ya betri!"

Eliezeri aliinama juu ya jalada kwa muda. Alikuwa na akili timamu, akaielewa hali yote kabla hajainua kichwa. Lakini kuielewa hakukumsaidia kitu.

"Naona," alisema. "Wamekosea. Ila orodha hii imeshapigwa chapa, nakala ziko mkoani, wizarani na chuoni Iringa. Kumwongeza mwalimu sina kibali. Mwasilanga ina nafasi moja. Kukuondoa kwenye vifaa pia siwezi mwenyewe. Kifaa kinaondolewa na kamati, na kamati inaondoa kilichovunjika, kilichoibiwa au kilichoungua moto. Wewe umevunjika?"

"Hapana."

"Umeibiwa?"

"Hapana, ndugu."

"Basi unaona ugumu wangu."

Mtihani ulikuwa mmoja tu, Agosti ile. Ambaye hakuufanya alihesabiwa ameshindwa, na aliyeshindwa hakupewa darasa tena. Miaka miwili na nusu ya mkeka na daftari, watoto sitini na wanne, yote yangeandikwa kwamba hayakuwapo.

"Nisaidie, ndugu," alisema. "Sina njia nyingine."

Eliezeri alivuta kitabu cha hati za safari. "Njia ipo. Ndugu Redio ameitwa mtihani. Hawezi kwenda peke yake. Kanuni inamruhusu mwalimu kusafiri na vifaa vyake vya kazi." Aliandika, akachana. "Mwalimu mmoja, kiti kimoja. Kifaa kimoja, mzigo usiozidi kilo sitini. Una kilo ngapi?"

"Hamsini na mbili, kliniki walinipima."

"Vizuri. Una nafasi ya begi."

Leokadia alirudi Mwasilanga kuichukua redio. Agosti, stendi ya Mbeya, kondakta wa basi la Iringa aliisoma hati ile, akairudia kwa sauti, akaipeleka kwa dereva, wakaisoma wote wawili. Serikali ni serikali. Redio iliwekwa kiti namba kumi na mbili, dirishani, ikafungwa kwa kanga isianguke. Kuhusu mzigo kulikuwa na mjadala.

"Mizigo inapanda juu ya keria," kondakta alisema.

"Kaka yangu, nitaanguka!"

"Kwani hufungiki? Kamba ninazo."

Abiria walimtetea, naye akakubali apande ndani kama mzigo mdogo. Leokadia alisafiri kutoka Mbeya hadi Iringa akiwa juu ya gunia la viazi katikati ya njia. Makambako mama mmoja alipanda na kukiangalia kiti namba kumi na mbili. "Hapa pana mtu?" Kondakta alimjibu kwamba pana mwalimu, anakwenda kwenye mtihani, asimsumbue. Mama yule alisimama hadi Mafinga.

Iringa kulikuwa na baridi ya Agosti. Ukumbi wa chuo ulikuwa na madawati mia moja na ishirini, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina. Leokadia aliliona lake, yaani la redio, mstari wa nne. Aliiweka redio juu ya kiti, akasimama kando, hajui afanye nini na mikono yake.

Msimamizi alikuwa mkufunzi Rukia Bushiri, mwanamke mfupi wa familia ya wafanyabiashara wa mjini pale, mwenye miwani na ushungi uliobanwa kwa pini. Walimu wanafunzi walimwogopa kwa kuwa hakupandisha sauti kamwe. Alipita akihakiki vitambulisho. Mstari wa nne alisimama.

"Mtahiniwa yuko wapi?"

"Huyu, Bi Mkufunzi," Leokadia alisema, akaionyesha redio. Akampa hati, barua ya mwito na nakala ya orodha ya walimu na vifaa vya Mwasilanga. Bi Rukia alisoma vyote kwa mpangilio, akageuza kila ukurasa aone kama nyuma kuna kitu.

"Na wewe?"

"Mimi ni kifaa, Bi Mkufunzi."

Kijana wa dawati la jirani, mmoja aitwaye Sedekia kutoka Kilolo, alicheka. Bi Rukia alimtazama, kicheko kikakauka.

"Ndugu Sedekia, wewe umekuja na vifaa gani?"

"Kalamu, Bi Mkufunzi. Na rula."

"Kalamu hiyo itafanya nini?"

"Itaandika."

"Itaandika. Umewahi kuniandikia jina la kalamu yako juu ya karatasi ya mtihani?"

"Hapana, Bi Mkufunzi."

"Basi mwache mwenzako na kifaa chake." Akamgeukia Leokadia. "Kaa chini. Karatasi iandikwe jina la mtahiniwa. Kifaa hakiruhusiwi kunong'ona, na mtahiniwa asiwashwe. Ukimwasha, nitahesabu kwamba amezungumza ndani ya chumba cha mtihani."

Leokadia alikaa ukingoni mwa kiti, akiwa amempakata mtahiniwa, akaandika kwa siku mbili. Saikolojia ya mtoto. Njia za kufundisha. Hesabu. Siasa. Kila karatasi aliiandika juu: "Redio, Mwasilanga." Mara ya kwanza aliandika polepole, kufikia karatasi ya nne aliandika haraka, bila kutazama.

Shida ilikuwa siku ya tatu, mtihani wa kufundisha. Kila mtahiniwa alipewa dakika arobaini na darasa la tatu katika shule jirani ya chuo, mkufunzi akiwa nyuma na fomu. Mwalimu Redio alipangiwa saa nne na dakika arobaini, hesabu, kugawanya kwa baki.

Jioni ya kabla yake Leokadia alimfuata Bi Rukia ofisini.

"Bi Mkufunzi, kesho nifundishe mimi."

"Kesho anafundisha mtahiniwa."

"Mtahiniwa hana kipindi cha hesabu saa hizo. Nimetazama ratiba ya redio. Saa nne na dakika arobaini ni Ukulima wa Kisasa."

"Mwalimu anapaswa kujiandaa," Bi Rukia alisema. "Na sikia, Leokadia. Mimi siwezi kuandika kwenye fomu kitu ambacho sikukiona. Kifaa kikifundisha badala ya mwalimu, mwalimu anapata sifuri. Mwalimu akipata sifuri, hana cheti. Mwalimu asipokuwa na cheti, wewe unarudi Mwasilanga na ubao wenu wenye ufa, na mwakani nafasi ile inapewa mwingine. Nimekueleza kila kitu nilichoruhusiwa kukueleza."

Kesho yake darasa la tatu lilikuwa na watoto hamsini, watulivu kwa hofu ya wageni. Leokadia aliiweka redio juu ya meza ya mwalimu, akaivuta antena, akaiwasha, akarudi kusimama kando ya ubao, mikono nyuma. Bi Rukia alikaa kwenye dawati la mwisho na kuandika saa.

Sauti ilieleza habari za josho. Ilisema ng'ombe waogeshwe kila wiki kwa sababu ya kupe. Ilieleza kina cha josho na jinsi ya kuchanganya dawa. Watoto walisikiliza. Bi Rukia aliandika: "Sauti ya kutosha. Kiswahili fasaha. Hatazami wanafunzi."

Dakika ya nane msichana mmoja kwenye mstari wa mbele alinyoosha mkono. Redio iliendelea. Msichana alinyoosha mkono zaidi, akaushikilia na mkono wa pili ulipochoka. Bi Rukia aliandika: "Hajali maswali." Leokadia aliutazama mkono ule. Kwao Mwasilanga, katika miaka miwili na nusu, hajawahi kuuacha mkono wa mtoto hewani. Alitazama dari, akatazama sakafu. Alihesabu kupe moyoni.

Sauti ilisema, "Na sasa, wakulima, tupumzike kwa muziki." Gitaa likaanza. Watoto wa nyuma walitikisa mabega. Msichana alikuwa bado amenyoosha mkono na machozi yameanza kumlenga.

Leokadia alikwenda mezani, akaizima redio.

"Sema, mwanangu," alisema.

"Mwalimu, ng'ombe akinywa yale maji ya kuogea?"

"Anakufa. Ndiyo maana hatumwachi asimame mle. Anaingia, anaogelea, anatoka. Baba yangu anasimama hapa," akachora josho ubaoni, "na fimbo, na mimi nasimama huku. Sasa niambieni. Baba ana ng'ombe kumi na saba. Josho linapitisha watano kwa mkupuo mmoja. Atapitisha mikupuo mingapi iliyojaa?"

"Mitatu!"

"Na wangapi watabaki nje?"

Wengine walisema mmoja, wengine wawili, mmoja akasema kumi na saba. Leokadia aliishusha redio kutoka mezani, akatoa watoto kumi na saba mbele, akawafanya ng'ombe. Walipita chini ya meza watano watano. Wawili walibaki, wakalia kama ndama, darasa zima likaanguka kicheko. Wakafanya na ng'ombe ishirini na tatu. Wakafanya na thelathini na moja, meza ikavunjika mguu. Kengele ilipolia hakuna aliyesimama.

Bi Rukia peke yake ndiye aliyesimama. Alitazama saa yake, akaandika mstari mmoja, akatoka.

Aliporudi ofisini baada ya kuwakagua watahiniwa wengine alimkuta Leokadia ameshafika, amekaa na redio mapajani, macho mekundu. "Nimemharibia," Leokadia alisema. "Nimejiharibia. Najua, Bi Mkufunzi. Mkono wa yule mtoto ulinishinda."

Bi Rukia alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi, akaivaa tena. Alifungua fomu.

"Mtahiniwa Redio. Alianza saa nne na dakika arobaini. Saa nne na dakika hamsini na moja aliacha kufundisha, akapiga muziki. Saa nne na dakika hamsini na mbili aliacha darasa, hakurudi hadi kengele."

"Hakuacha. Nilimzima mimi."

"Fomu ina sehemu ya kuondoka darasani. Sehemu ya kuzimwa sikuiona, na nimeitafuta." Aligeuza ukurasa. "Mwalimu anayeliacha darasa siku ya mtihani bila ruhusa ni mtoro. Mtoro anaachishwa kazi siku hiyo hiyo. Nimeshaandika barua."

Leokadia alifunika uso.

"Sijamaliza. Kituo cha Mwasilanga sasa hakina mwalimu. Waraka unasema darasa lililoachwa na mtoro lisikae wazi. Litashikwa na aliyekutwa akilifundisha, naye atathibitishwa papo hapo kama kituo kina alama za kutosha za mtihani wa maandishi." Alivuta karatasi nyingine. "Alama ni mali ya kituo. Mwasilanga ina themanini na nne kwa mia. Ni ya tatu katika ukumbi mzima."

"Lakini mimi ni kifaa, Bi Mkufunzi. Kamati..."

"Kamati inaondoa vifaa vilivyopungua. Hapa hakijapungua kitu. Orodha yenu ilikuwa na mwalimu mmoja na kifaa kimoja nje ya ubao na chaki. Itabaki hivyo hivyo. Mtoro, akishaachishwa kazi, atakuwa kitu gani?"

Leokadia aliitazama redio mapajani. "Redio."

"Na redio inaandikwa wapi?"

"Chini ya vifaa."

"Utasaini hapa. Na hapa. Kwa jina lako." Bi Rukia alimsogezea kalamu. "Ile miaka miwili na nusu ya nyuma sitaweza kuihesabu kuwa utumishi. Kwa kifaa muda wa nyuma huhesabiwa kuwa uchakavu. Ukipinga, andika barua kwa nakala tatu."

Leokadia hakupinga. Alisaini.

Aliporudi Mwasilanga barua ilikuwa imemtangulia, na mzee Ndalahwa alikuwa ameita mkutano wa kijiji mbele ya kibanda cha shule. Watu walikaa chini kwa huzuni, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Ndalahwa alisoma barua mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza hawakuamini. Mwalimu Redio ameachishwa kazi kwa utoro.

"Ametorokaje?" aliuliza mama Kashindye kutoka upande wa wanawake. "Si huyo hapo, mgongoni mwa Leokadia?"

"Ametoroka kikazi," Ndalahwa alisema. "Mwili umerudi."

Watu waliguna. Mzee mmoja alisema amekuwa akimshuku siku nyingi, maana mtu hawezi kuwa na dini zote akawa na msimamo. Mwingine alisema ni hasara, alikuwa hakosi hata siku moja isipokuwa betri zikiwa mbovu. Kisha Ndalahwa akasoma ukurasa wa pili, polepole, na alipofika kwenye jina alilisoma na kusimama, akalisoma tena na jina la baba. Watu wote wakageuka kumtazama Nkuba.

Nkuba alikuwa amekaa karibu na uzio, fimbo kati ya magoti. Kisha akainuka, akavua kofia, akapita katikati ya watu hadi mbele alikosimama binti yake. Alisimama kama wanavyosimama wazazi mbele ya mwalimu, mikono imeshika kofia tumboni.

"Mwalimu," alisema.

Leokadia alitaka kupiga magoti amsalimu kama kila siku, lakini baba yake alimzuia kwa mkono.

"Mwalimu, mimi ni mzazi. Nina mtoto wangu alikuwa anasoma hapa kwa yule aliyeondoka. Miaka miwili na nusu. Yule mtu sikuwahi kupata neno kutoka kwake, nilimsalimu asijibu, sasa ameondoka na sijui mtoto wangu ameishia wapi. Jina lake Leokadia. Naomba kujua, alifaulu?"

Ndalahwa alishusha barua.

"Alifaulu, mzee," Leokadia alisema. "Themanini na nne kwa mia."

"Ana adabu darasani?"

"Anajitahidi."

"Akikosea, mchape," Nkuba alisema. "Mimi sitasema kitu." Akavaa kofia yake, akarudi kukaa karibu na uzio, akampangusia vumbi mtu aliyekaa jirani yake bila sababu yoyote.